Simba wa Kenya: Maisha ya Joginder Singh

Ukimwomba mtu yeyote hapa shuleni akutajie mashujaa wa michezo wa nchi yetu, ataanza na Kipchoge Keino, kisha atamtaja mwingine wa mbio, na mwingine tena, mpaka vidole vimwishie. Si vibaya. Lakini mimi leo nakuletea shujaa ambaye ushindi wake wote aliupata akiwa ameketi. Aliketi nyuma ya usukani, kilemba kichwani, ndevu zimefungwa barabara, akashinda mbio za magari za Safari mara 3. Jina lake ni Joginder Singh, na wazee wetu walimwita Simba wa Kenya. Jina hilo lilimkaa vizuri kwa sababu hata neno Singh lenyewe, kwa lugha ya kwao, maana yake ni simba.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 mjini Kericho. Baba yake, Battan Singh, alikuwa mgeni katika nchi hii. Alitoka Punjab, kule Bara Hindi, akavuka bahari katika miaka ya 1920 kuja kutafuta riziki. Hakuwa wa kwanza. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi wao walirudi makwao, wengine walikufa, na elfu kadhaa wakabaki. Miongoni mwa waliobaki na waliowafuata baadaye walikuwa Kalasinga, watu wa mikono: maseremala, waashi, wahunzi na mafundi wa mitambo. Basi Battan Singh akafika Kericho na akafanya kazi ya magari.

Kericho, kwa wale ambao hawajafika, ni nchi ya chai, na chai hupenda mvua. Huko mvua hunyesha mchana karibu kila siku, na enzi hizo hapakuwa na lami ya kutosha. Gari likitoka nyumbani asubuhi likiwa safi, jioni linarudi likiwa jekundu hadi kwenye madirisha. Mimi nadhani, na hii ni fikira yangu tu, kwamba shule ya kwanza ya Joginder ilikuwa tope hilo. Mtoto aliyekulia hapo hawezi kuogopa barabara inayoteleza.

Alipokua alikuja Nairobi, akaanza kazi kama spana boi. Ndiyo, spana boi! Yule anayelala chini ya gari, anayetumwa kuleta spana namba 14 akaleta namba 13, akakemewa, akarudi tena. Hapa lazima nisimame kidogo, maana jambo hili linanigusa. Mimi hutoka Ruiru kila asubuhi kwa matatu kuja shuleni Thika, na kaka yangu hupanda matatu hiyo hiyo. Tunashukia pamoja, mimi naelekea darasani, yeye anaelekea gereji moja ya jua kali kule Makongeni. Aliacha shule kidato cha pili karo iliposhinda. Jioni tukirudi, watu humkwepa wasiguswe na oili ya nguo zake. Na nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu mmoja alipenda kututisha kwamba asiyesoma ataishia chini ya magari ya watu. Tulicheka wote. Siku hizi, kila nikimwona kaka yangu akinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, kicheko hicho huniuma.

Kumbe mtu anaweza kuanzia chini ya gari akaishia juu yake, amekaa kwenye boneti na kikombe mkononi, umati unamshangilia.

Turudi kwa Joginder. Mwaka 1958 alipata kazi katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwasaidia wanachama ambao magari yao yamekwama. Mwenye gari yuko kando ya njia, moshi unatoka, mke na watoto wamekaa chini ya mti, halafu anatokea kijana wa kilemba na sanduku la vyombo. Anafungua boneti, anasikiliza, anafunga waya hapa, anakaza nati pale, gari linaondoka. Ukifanya kazi kama hiyo utajua mambo mawili ambayo hayafundishwi darasani: kila ugonjwa wa gari, na kila shimo la barabara. Wakati huo huo akaanza kushiriki mashindano ya magari.

Sasa huenda kuna wenzangu wanaodhani Safari ni yale magari ya Naivasha tunayoyaona kwenye runinga tangu mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021. La hasha! Safari ya zamani ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu kilomita 5,000, wakati wa Pasaka, yaani msimu wa masika. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yale yaliyouzwa madukani. Yaliachiliwa moja moja kwa zamu, na barabara hazikufungwa. Ukikata kona ungeweza kukutana na lori la kabichi au ng'ombe. Katika vituo njiani muda wako uliandikwa, na kila dakika uliyochelewa ilikuwa adhabu. Mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hivyo hakuhitajika mwenye haraka ya kichaa, alihitajika mwenye haraka ya akili, anayejua kwamba gari likivunjika ekseli saa nane za usiku porini hakuna wa kumlilia. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu kati ya yote yaliyoanza. Saba, bwana!

Babu yangu anasema walikuwa wakikaa kando ya barabara ya Thika tangu alfajiri, wakingoja magari yaliyokuwa yakielekea upande wa Mlima Kenya. Walianza kusikia mlio kabla ya kuona chochote, kisha vumbi, kisha limepita. Watoto waliokota hata kipande cha kioo cha taa wakakiweka kama hazina. Gari la Joginder walilitambua kwa kilemba.

Mwaka 1965 ndio mwaka wenyewe. Joginder aliingia na Volvo aina ya PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeletwa mwaka uliotangulia na kampuni yenyewe kwa mashindano yale yale, ikapata taabu zake, ikaachwa huku Afrika. Wenye kiwanda waliona kazi yake imekwisha. Yeye aliichukua, akaifungua, akaitengeneza upya kwa mikono yake. Kando yake aliketi Jaswant, ndugu yake wa toka nitoke. Wakapata bahati ya kupangiwa namba 1, yaani walitangulia mbele ya wote. Jambo hili lina raha na karaha: huli vumbi la mtu, lakini kama daraja limechukuliwa na maji, wewe ndiwe wa kwanza kulijua.

Ndugu hao wawili walishinda. Tena hawakushinda kwa sekunde wala dakika chache, aliyewafuata alikuwa nyuma yao kwa zaidi ya saa nzima. Tangu 1953 madereva wote walioshinda walikuwa Wazungu. Huu ulikuwa ushindi wa kwanza wa dereva asiye Mzungu, na gari lenyewe lilikuwa kuukuu lililotupwa na wenyewe! Nikisoma habari hii humwona kaka yangu, ambaye wiki yote iliyopita alikuwa akifufua pikapu ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu.

Ushindi huo ulikuja wakati mgumu kwa watu wa jamii yake. Kenya ilipata uhuru mwezi wa Desemba 1963, na Wahindi waliokuwa hapa walipewa miaka miwili kuamua kama watakuwa raia. Wengine walichukua uraia, wengine walisita. Mwaka 1968 maelfu waliondoka mbio kwenda Uingereza kabla Waingereza hawajafunga mlango. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wale wa Uganda, akawapa siku 90. Swali lilikuwa kila mahali: hawa ni wenzetu au ni wageni? Katikati ya hayo yote, kila Pasaka, huyu mtoto wa mhamiaji alipita vijijini, na watu ambao hawakuwahi kuketi meza moja na Mhindi walipanda juu ya miti wakimwita simba wao. Hawakumwita Simba wa Punjab. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza rasmi kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44 la nchi hii. Tulijadili jambo hili katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, na upande uliopinga ulikuwa na maneno makali. Laiti ningejua wakati huo habari za Joginder, ningewauliza kama simba wa Kenya anaweza kutoka mbuga nyingine.

Baada ya 1965 mambo yalibadilika. Viwanda vya ng'ambo viligundua kwamba gari likimaliza Safari litanunuliwa dunia nzima, kwa hivyo vikazidi kuleta madereva wao hodari pamoja na ndege na vipuri. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje kushinda. Wengi walidhani zama za wenyeji zimekwisha. Lakini mwaka uliofuata Shekhar Mehta, Mhindi mwenzake Joginder aliyezaliwa Uganda, alilirudisha kombe nyumbani, na mwaka 1974 ikawa zamu ya Joginder mwenyewe tena. Alikuwa na umri wa miaka 42, umri ambao wanamichezo wengine tayari ni makocha wenye vitambi. Aliendesha Mitsubishi Lancer ndogo, injini ya 1600, na dereva mwenza wake alikuwa David Doig. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi akiwa na Porsche, gari lenye injini kubwa zaidi na bei kubwa zaidi. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Spana boi wa juzi alikuwa sasa dereva wa kampuni kubwa ya Wajapani.

Mwaka 1976 akarudia na Doig yule yule, na Lancer tena. Mara hii Mitsubishi zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kabisa kushinda Safari mara 3. Baadaye Mehta alimpita, maana yeye alifikisha mara 5.

Lakini mimi sivutiwi sana na hizo mara 3. Kinachonivutia ni hesabu nyingine: Joginder aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kumbuka nilivyosema kuhusu mwaka 1963. Katika mashindano ambayo kumaliza tu kulikuwa kama kushinda, yeye alishindwa kufika mara 3 peke yake. Kaka yangu nilipompa hesabu hiyo hakusema lolote kwa muda. Kisha akaniambia kwamba mtu wa namna hiyo alikuwa akisikia gari linaumwa kabla halijaumwa, na kwamba hilo haliji kwa kuendesha, linakuja kwa kulala chini yake. Akataka kujua kama nitaandika hivyo. Nimeandika.

Joginder alistaafu Safari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uzeeni aliishi London, mbali na tope la Kericho, na huko ndiko alikofariki tarehe 20 Oktoba 2013 akiwa na umri wa miaka 81. Wakati huo mimi sikuwa nimeanza hata nasari. Hapo Safari nayo ilikuwa imeshaondolewa katika ubingwa wa dunia tangu 2002, kwa hivyo hakuiona ikirudi.

Jina lake, hata hivyo, bado linaendeshwa barabarani. Ukipanda matatu ya Ruiru na Thika saa za jioni, dereva akianza kupenya baina ya malori pale njia inapobana, sisi vijana tunamshangilia. Lakini akiwemo mzee ndani, atashika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kumwuliza dereva kwa hasira kama anadhani yeye ni Joginder. Makanga wengi hawajui anasema nani. Wanadhani ni tusi.