Habari za Joe Wood, Mtupa Mpira

Katika nchi ya Marekani uko mchezo uitwao besiboli, na watu wa huko huupenda sana. Timu mbili hushindana, na kila moja ina wachezaji tisa. Katikati ya kiwanja husimama mtupaji, naye huutupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu na kwa hila. Mbele yake husimama mpigaji wa upande wa pili, ameshika rungu la mti. Kazi yake ni kuupiga mpira uende mbali, kisha azunguke kiwanja mbio. Akifika tena alipoanzia, timu yake hupata bao. Akiukosa mara tatu, hutoka. Kwa hiyo timu yenye mtupaji hodari huogopwa na wote.

Joe Wood alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1889 katika mji wa Kansas City. Baba yake alikuwa wakili, naye alihamahama pamoja na jamaa zake. Hivyo Joe akakulia katika mji wa Ouray, katika milima ya Colorado penye machimbo ya madini, kisha katika mji mdogo wa Ness City, jimbo la Kansas. Mwaka 1906, alipokuwa na miaka 16, ilifika huko timu iliyotangazwa kuwa ya wanawake watupu. Kumbe ndani yake walikuwamo wanaume wachache waliovaa nywele za bandia! Joe alikuwa na uso laini wa kitoto, basi wakamchukua, naye hakuhitaji nywele hizo. Hivyo ndivyo alivyoanza kupata ujira kwa kucheza mpira.

Mwaka 1908 alitwaliwa na timu kubwa ya Boston Red Sox. Mpira wake ulikwenda kasi hata watu wakampa jina la Smoky Joe, maana yake Joe wa Moshi. Sifa zake zilifika kilele mwaka 1912, akiwa na miaka 22 tu. Mwaka ule alishinda michezo 34, akashindwa mitano. Tarehe 6 Septemba alikutana na Walter Johnson wa Washington, ambaye mwaka uo huo alikuwa amekwisha kushinda michezo 16 mfululizo. Watu walijaa kupita kiasi, hata wengine wakaketi juu ya majani kiwanjani. Joe akashinda kwa bao moja kwa sifuri, na baada ya siku chache naye akafikisha michezo 16 mfululizo. Kisha katika mashindano makuu ya nchi alishinda mara tatu, na Boston wakachukua ubingwa.

Lakini nguvu za mwili ni mali isiyo na dhamana. Mwaka 1913 Joe aliteleza juu ya majani yenye maji alipokuwa akiufuata mpira, akaanguka, akavunjika kidole gumba cha mkono wa kuume, mkono aliotupia. Kidole kilipona, lakini tangu hapo kila alipotupa mpira aliona maumivu makali begani. Hata hivyo alijikaza. Mwaka 1915 hapakuwa na mtupaji katika ligi yake aliyefungwa mabao machache kuliko yeye kwa hesabu ya wastani. Lakini kila baada ya mchezo mkono ulimwuma siku nyingi. Mwaka 1916 hakucheza kabisa.

Wengi walidhani habari zake zimekwisha. Yeye hakukubali. Mwaka 1917 alikwenda Cleveland, alikokuwako rafiki yake Tris Speaker. Alipoona kwamba mkono haufai tena kwa kutupa, alijifunza kazi nyingine: kulinda pembeni mwa kiwanja na kupiga kwa rungu. Si kazi rahisi kwa mtu aliyekwisha kuwa bingwa kurudi kuwa mwanafunzi. Mwaka 1920 timu hiyo ilipata ubingwa, na mwaka 1921 Joe alifaulu kupiga kwa wastani wa mara 366 katika kila zamu 1,000. Afikishaye 300 huhesabiwa kuwa mpigaji hodari.

Baada ya mwaka 1922 aliacha safari za timu kubwa ili akae karibu na watoto wake. Mwaka 1923 akawa mwalimu wa mchezo huo katika Chuo Kikuu cha Yale, katika mji wa New Haven. Mkono ulikuwa umepoteza kasi, lakini ujuzi haukupotea, naye akawafundisha vijana muda wa miaka 20, mpaka 1942. Mmoja wa wanawe aliyecheza hapo Yale alitupa mpira kwa ajili ya Boston mwaka 1944, kama baba yake.

Mwaka 1981, akiwa mzee wa miaka 91, Joe aliketi kutazama mchezo wa Yale na Chuo Kikuu cha St. John's. Kijana Ron Darling wa Yale aliwazuia wapinzani vipindi 11 bila hata mmoja kumpiga vema. Kisha katika kipindi cha 12 akashindwa kwa bao moja kwa sifuri. Mzee yule aliijua vizuri thamani ya kazi ile.

Mwezi wa Januari 1985 Yale ilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki tarehe 27 Julai mwaka uo huo, mwenye umri wa miaka 95. Siku zake za kutupa mpira kwa nguvu zote zilikuwa chache. Miaka aliyowapa wengine ujuzi wake ilikuwa mingi kuliko hiyo.