Clark Ashton Smith, mtunzi wa bara la mwisho

Wenzangu ninaocheza nao michezo ya mezani, ile ambayo kila mmoja huigiza mhusika katika nchi ya kubuni, huniuliza: uchawi na sayansi vitakaaje katika nchi moja? Mimi huwajibu kwa maisha ya Clark Ashton Smith.

Alizaliwa California, Marekani, mwaka 1893, akakulia karibu na mji wa Auburn. Sekondari hakusoma, alijifunza kwa kusoma kamusi kubwa yote. Baadaye alijifundisha Kifaransa, akamtafsiri Baudelaire. Mwaka 1912, akiwa na miaka 19, alitoa kitabu cha mashairi. Sifa alipata, fedha hakupata. Alichuma matunda, akakata kuni, akachimba visima.

Wazazi wake walipozeeka na kuugua, aligeukia hadithi, kwa kuwa magazeti yalizilipa. Kuanzia 1929 alitunga karibu mia moja katika miaka michache. Nyingine zilihusu Zothique, bara la mwisho la dunia: jua limefifia, sayansi imesahaulika, uchawi umerudi. Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Hakuchanganya ovyo, aliweka kati ya viwili hivyo muda mrefu wa kusahau.

Mama alifariki 1935, baba 1937, naye akaacha karibu kabisa kutunga hadithi. Alikufa 1961. Miaka 20 baadaye, mchezo wa Dungeons & Dragons ulichukua Averoigne, jimbo la Ufaransa alilolibuni, ukaliweka mezani. Nasi tunapotunga nchi, tuanze kuuliza watu wake wamesahau nini.