Adrien Atiman, munganga-katekista wa Karema

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mkabala wa Mpala yetu, iko misioni ya Karema. Huko aliishi mtu ambaye twaona yafaa akumbukwe na wakristu wa pande zote mbili za maji.

Adrien Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa na wauza-watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, hata Mapadri Weupe wakamkomboa katika Algeria.

Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri lake. Sheria ya Kanisa ilimkataza padri kufanya kazi ya uganga; na waganga Wazungu, tuseme kweli, ni wachache waliokubali kuzeeka kando ya Tanganyika. Basi alichagua vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, akawapeleka kisiwani Malta wasomeshwe. Atiman alifika huko mwaka 1881, akajifunza uganga katika Universite, akamaliza mwaka 1888. Lakini Kardinali aliogopa elimu ya Ulaya isije ikawatenga na watu watakaotumwa kwao. Aliagiza waishi na kula kama Waafrika. Hofu hiyo sisi wazazi wa wanafunzi twaielewa.

Mwaka 1889 Atiman aliingia Karema. Zamani hizo watumwa walikuwa wangali wakivushwa ziwani kupelekwa pwani, naye aliyekuwa mtumwa ndiye munganga wa misioni. Hakuwa na hospitali kama tuzijuazo sasa. Dawa za Ulaya zilitoka mbali, vichwani mwa wapagazi, nazo huisha upesi. Hapo ndipo masomo yake ya pili yalipoanza: alijifunza miti na mizizi ya nchi kwa waganga wa kienyeji, asione haya kwa sababu ya masomo yake ya Malta. Aliyemtibu kidonda asubuhi aliweza kumfundisha katekisimu jioni.

Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa sultani wa Wabende. Mwana wao Joseph akapewa upadri. Wenzake wa Malta nao walitumwa kwenye misioni nyingine, hata upande wetu wa ziwa, lakini hatujui aliyedumu kazini kama yeye. Vita viwili vikuu vilipita, Wadachi wakaondoka, Waingereza wakatawala. Munganga alikuwa yuleyule. Alikufa Karema mwaka 1956, miaka 67 baada ya kufika.