Dred Scott: Kadari na Hiari

Kando ya uwanja wa ndege wa miji yetu hii ipo ngome ya Fort Snelling. Hapo aliletwa Dred Scott mwaka 1836, mtumwa mzaliwa wa Virginia, akamwoa Harriet Robinson. Sheria ilikataza utumwa katika ardhi hii, naye akabaki mtumwa. Hiyo ndiyo kadari iliyomkuta.

Mwaka 1846, huko St. Louis, yeye na mkewe walikwenda mahakamani kudai uhuru wao. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia. Mwaka huohuo mmiliki mpya akawaacha huru. Dred alifariki 1858.

Kila nipitapo ngomeni huwaambia wanangu: kuzaliwa hatukuchagua, bali kuidai haki twachagua wenyewe.