Muhammed Said Abdulla: Kalamu Iliyongoja Zamu Yake

Wasomaji wengi wa riwaya ya Kiswahili humjua Bwana Msa kabla ya kumjua aliyemuumba. Wamemwona na kiko chake mdomoni, akitafakari jambo lililowashinda wengine, huku sahibu yake Najum akimfuata hatua kwa hatua. Muumba wa mpelelezi huyo ni Muhammed Said Abdulla, ambaye herufi za mwanzo za majina yake matatu, zikisomwa pamoja, hutoa lile lile jina la Msa. Umaarufu wa mhusika huyu umefunika safari ndefu ya mtu aliyekaribia umri wa miaka arobaini kabla hajatambuliwa kuwa mtunzi wa hadithi.

Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ni mahali penye lahaja yake, mila zake na sherehe yake mashuhuri ya Mwaka Kogwa. Alipokuwa na umri wa miaka 10, yaani mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hivyo basi, lugha iliyozungumzwa safari fupi tu kutoka alikozaliwa ndiyo iliyokuja kuwa lugha ya vitabu na shule katika Afrika Mashariki nzima.

Alihitimu masomo ya sekondari mwaka wa 1938. Kijana wa wakati huo aliyependa kusoma hadithi kwa Kiswahili hakuwa na mengi ya kuchagua. Tenzi na mashairi yalikuwapo tele, na ngano zilisimuliwa kila jioni. Lakini katika nathari ndefu iliyochapishwa, sehemu kubwa ilikuwa tafsiri, mathalani Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Aliyejua Kiingereza aliweza kwenda mbali zaidi. Kwamba Abdulla alikwenda huko ni jambo linalodhihirika katika kazi zake, kwani wahakiki wameonyesha mara kwa mara jinsi Bwana Msa na Najum wanavyowakumbusha Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle.

Hata hivyo, kusoma ni jambo moja na kupata riziki ni jambo jingine. Kwa muda wa miaka kumi Abdulla aliajiriwa katika idara ya afya akiwa bwana afya. Kazi ya bwana afya humpeleka mtu majumbani na vichochoroni, akakagua maji na taka, akauliza maswali ambayo wenyeji hawapendi kuulizwa. Pengine haikuwa shule mbaya kwa mtu ambaye baadaye angeandika habari za nyumba zenye siri.

Mwaka wa 1948 aliiacha kazi hiyo, akaingia katika uandishi wa habari na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika muongo uliofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Yafaa izingatiwe kwamba Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika, na siasa za visiwani zilikuwa zikipamba moto. Kalamu iliyopita katika vyumba vya magazeti hayo ilijifunza kwamba tukio moja huwa na wasimulizi wengi, na kila msimulizi ana lake analolificha. Huo ndio msingi wa riwaya yoyote ya upelelezi.

Mlango wa ubunifu ulifunguliwa na East African Literature Bureau, shirika lililoandaa shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957-58. Abdulla alipeleka mswada wake, ukatunukiwa zawadi ya kwanza. Kitabu kilitoka mwaka wa 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Ndani yake, maiti inaonekana penye mzimu, na watu wako tayari kuwatwika wahenga lawama. Bwana Msa hakubali. Yeye hutafuta mkono wa binadamu, na kuupata kwa kupima maneno na nyakati. Mbinu ilitoka ng'ambo, lakini imani inayojaribiwa, mazungumzo yanayoipeleka hadithi mbele, na lugha yenye utani na methali ni mali ya Unguja.

Mtu angedhani kwamba baada ya ushindi huo vitabu vingefuatana. Haikuwa hivyo. Tangu 1958 Abdulla alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, na alidumu hapo hadi alipostaafu mwaka wa 1968. Katika kipindi hicho Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, ikapinduliwa Januari 1964, kisha ikaungana na Tanganyika mwezi wa Aprili. Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka ule ule wa kustaafu. Baadaye ndipo mvua iliponyesha: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Riwaya nne katika miaka minne, baada ya mbili tu katika miaka minane! Kosa la Bwana Msa ilifuata mwaka wa 1984.

Lawama hazikukosekana. Katika miaka ya 1970, fasihi ilipotarajiwa kulijenga taifa, riwaya ya upelelezi ilihesabiwa na baadhi ya wahakiki kuwa burudani tupu. Isitoshe, ulimwengu wa Abdulla ulibakia ule wa kabla ya Mapinduzi, wa wenye mashamba, mirathi na nasaba zilizofichwa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa jamii ilikuwa imegeuka naye hakuifuata. Lakini mhakiki mwadilifu hana budi kutambua upande wa pili. Katika ulimwengu huo huo wa zamani, Abdulla alimweka mtu anayedai ushahidi mbele ya uvumi, cheo na hofu.

Alifariki dunia mwaka wa 1991. Waliomfuata katika utanzu huu, akiwemo Faraji Katalambulla aliyetoa Simu ya Kifo mwaka wa 1965, walikuta njia imekwisha kufyekwa. Aliyeifyeka aliandika kwanza ya waajiri wake, akasoma ya wageni, kisha, zamu yake ilipowadia, akaandika yaliyo yake.