Maji Usiyoyafika Hujui Kina Chake

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi hapa Kendu Bay, na kila mara nimeieleza kwa maana yake ya fumbo, yaani mtu asilihukumu jambo ambalo hajalichunguza. Sikudhani kamwe kwamba siku moja ingenirudia kwa maana yake ya wazi, maana ya maji halisi na kina halisi. Hayo yalinifika hivi majuzi, nilipotembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani.

Kijana huyo hufanya kazi katika nchi za Ghuba. Safari hii hakuja nyumbani moja kwa moja. Alipitia Misri, akaingia katika meli ndogo ya watalii na kukaa humo siku saba katika Bahari ya Shamu, akila humo na kulala humo, na kila siku akizama mara tatu au nne na mtungi wa hewa mgongoni ili atazame matumbawe na samaki. Tuliketi karibu na gati yetu ya zamani, akanionyesha picha alizopiga chini ya maji. Niliona samaki wa rangi ambazo sikuwahi kuziona hata katika kitambaa cha kanga. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote za mwanafunzi kwa mwalimu wake, imekuwaje kwamba yeye aliyezaliwa kando ya ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000 amelipa fedha nyingi kwenda kuona samaki wa wenzake, ilhali wa kwao hajapata kuwaona ila ndani ya wavu na ndani ya sufuria.

Sikuwa na jibu siku hiyo. Jibu nimelipata baadaye, nilipoyatafakari maisha ya mtu ambaye bila yeye likizo ya kijana huyo huenda isingekuwako. Naomba msomaji aniwie radhi nikimtoa Nyanza kwa muda na kumpeleka Ufaransa, nitamrejesha.

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1930 alijiunga na chuo cha wanamaji. Hata hivyo, hamu yake haikuwa majini bali angani, kwani alitaka kuwa rubani wa jeshi la wanamaji. Mwaka 1936, kabla ya kuhitimu urubani, alipata ajali mbaya ya gari, mikono yake ikaumia vibaya, na ndoto yake ya kuruka ikafia hapo. Kuvunjika kwa koleo, hata hivyo, si mwisho wa uhunzi. Alihamishiwa Toulon, kwenye pwani ya Bahari ya Kati, na huko akawa anaogelea ili kuitia mikono yake nguvu. Rafiki yake, mwanamaji Philippe Tailliez, akampa miwani ya kuogelea. Siku aliyoivaa na kukiingiza kichwa chake majini, kijana huyo aliyelilia anga aligundua kwamba chini ya miguu yake palikuwa na ulimwengu mwingine.

Taabu ilikuwa pumzi. Mtu aliyetaka kukaa chini ya maji wakati huo alikuwa na njia chache: kuizuia pumzi yake na kurudi juu haraka, au kuvaa vazi zito lenye kofia ya shaba, akifungwa kwa mpira wa hewa uliotoka melini kama mbuzi aliyefungwa kambani. Vyombo vingine vilikuwako, lakini ama vilimaliza hewa upesi ama vilikuwa vya hatari. Mwishoni mwa mwaka 1942, katikati ya vita, Cousteau alikutana mjini Paris na mhandisi wa kampuni ya gesi, Émile Gagnan. Petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kupitisha gesi katika injini za magari kwa kiasi kile tu ambacho injini ilihitaji. Cousteau akaona kwamba pafu la mtu nalo ni kama injini hiyo. Waliirekebisha vali ile impe mpiga mbizi hewa kila anapovuta pumzi, tena kwa shinikizo lililo sawa na la maji yanayomzunguka. Jaribio la kwanza katika mto Marne, mapema mwaka 1943, halikufaulu vizuri, kwa kuwa chombo kilivujisha hewa kila mpiga mbizi aliposimama wima. Wakakirekebisha, na katikati ya mwaka huohuo Cousteau alizama baharini kwenye pwani ya kusini akiwa huru kama samaki.

Walimu wa sayansi wataona somo zuri hapa. Ugunduzi huu haukutoka mbinguni. Ulitokana na vali ya gari, na watu wawili wa fani tofauti waliokubali kusikilizana.

Njia hiyo haikuwa na usalama. Mwaka 1946 Cousteau na mwenzake Frédéric Dumas nusura wafe ndani ya chemchemi yenye kina kirefu ya Vaucluse, kwa sababu mitungi yao ilikuwa imejazwa hewa iliyochanganyika na moshi wa mashine. Mwaka uliofuata mwenzao, Maurice Fargues, alifariki akijaribu kufika kina cha zaidi ya mita 100. Kwa vifo na ajali za namna hiyo ndipo zilipopatikana kanuni ambazo watalii wa leo hufundishwa kabla ya kushuka: usizame peke yako, usiizuie pumzi yako unapopanda, na usipande kwa haraka, maana naitrojeni iliyoyeyuka katika damu kwa shinikizo la kina hugeuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na yaweza kumlemaza mtu au kumwua.

Mwaka 1950 Cousteau alipata meli. Ilikuwa meli ya mbao iliyojengwa Marekani, ikatumiwa na wanamaji wa Uingereza kufagia mabomu ya baharini, na baada ya vita ikawa kivuko huko Malta. Tajiri mmoja wa Kiingereza, Loel Guinness, aliinunua na kumkodisha kwa faranga moja tu kwa mwaka. Jina lake Calypso. Humo watu walikula, walilala, walizama, walipima na walipiga picha, miezi kwa miezi. Mkewe, Simone, aliishi ndani yake kwa muda mrefu kuliko Cousteau mwenyewe, akiwalea mabaharia kama wanawe, ingawa jina lake halikutangazwa sana. Kila meli inayowalaza watalii wa kupiga mbizi leo, iwe Misri au Maldives, ni mjukuu wa Calypso.

Sasa nafika mahali ambapo waandishi wengi wa kumsifu Cousteau hupita upesi. Mwaka 1956 filamu yake juu ya ulimwengu wa kimya wa chini ya bahari, aliyoiongoza pamoja na kijana Louis Malle, ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Sehemu yake kubwa ilipigwa katika Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, bahari zetu hizi. Ndani yake mabaharia wanalipua matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki waliokufa. Meli inamjeruhi mtoto wa nyangumi, na papa wanapokuja kumla, mabaharia wanawavuta papa hao sitahani na kuwaua kwa hasira, kana kwamba papa ametenda dhambi kwa kula. Haya hayakufichwa. Yalionyeshwa ulimwengu mzima, na ulimwengu ukapiga makofi. Tena mwaka 1954 Calypso ilikuwa imekodiwa kuchunguza mafuta chini ya bahari karibu na Abu Dhabi, maana utafiti ulihitaji fedha.

Kwa hiyo huyu hakuwa malaika. Alikuwa mvunaji, sawa na mvuvi wa baruti anayelaumiwa leo kwenye pwani ya Tanzania, tofauti ikiwa kwamba yeye alikuwa na kamera na cheti. Lakini mtu huyu alikuwa na bahati moja ambayo mvuvi wetu hana: alirudi chini. Alizama mahali palepale mwaka baada ya mwaka, akaona kwa macho yake kwamba samaki wanapungua na matumbawe yanakufa. Mwaka 1960 alisimama hadharani kupinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Kati. Mwaka 1963 bado aliamini kwamba binadamu ataihamia bahari. Alijenga nyumba chini ya maji huko Sha'ab Rumi, karibu na Port Sudan, na watu watano wakaishi humo mwezi mzima, mita kama kumi chini ya uso wa bahari. Baadaye aliiacha ndoto hiyo, akashika ya kuihifadhi. Vipindi vyake vya televisheni, vilivyoanza katika miaka ya 1960, vilizifikisha bahari katika sebule za watu ambao hawakuwahi kuonja maji ya chumvi. Mwaka 1973 aliunda chama cha kuzitetea bahari, na uzeeni aliongoza kampeni ya kulilinda bara la Antaktika lisichimbwe madini, kampeni iliyozaa matunda katika itifaki ya mwaka 1991.

Dunia haikumbembeleza. Mwanawe Philippe, aliyetarajiwa kuwa mrithi wake, alikufa mwaka 1979 katika ajali ya ndege mjini Lisbon. Simone alifariki mwaka 1990, na muda si muda ikajulikana kwamba Cousteau alikuwa na familia nyingine. Katika miaka hiyo ya mwisho alimpeleka mahakamani mwanawe mwingine, Jean-Michel, kwa sababu ya kulitumia jina la Cousteau katika hoteli ya watalii huko Fiji. Mwanzoni mwa mwaka 1996 Calypso iligongwa na kuzama bandarini Singapore, ikaopolewa. Mwenyewe aliaga dunia mjini Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 87.

Sasa namrejesha msomaji Kendu Bay, nimjibu mwanafunzi wangu.

Ni kweli kwamba ziwa letu si Bahari ya Shamu. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, maji yake ni mazito kwa udongo na mwani, magugu maji huitanda yapendavyo, na kichocho kimo. Ukiutia mkono wako majini, vidole hupotea kabla kiwiko hakijalowa. Hakuna mtalii atakayelipa kulala katika boti hapa ili azame gizani. Lakini giza hilo lenyewe ni habari. Wataalamu wamethibitisha kwamba kati ya fulu, wale samaki wadogo ambao zamani walikuwa wa mamia ya aina, jike hulichagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka, rangi hazionekani, aina huchanganyika, na tofauti zilizochukua maelfu ya miaka hufutika. Ongeza juu ya hayo mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuzagaa katika miaka ya 1980, na nyavu za macho madogo, ndipo utaelewa kwa nini aina nyingi zilitoweka. Zilitoweka nasi tukiwa ufukoni, tukifua, tukioga, tukifundisha methali. Hatukuziona zikiishi, hatukuziona zikifa.

Nimewahi kuwataka wanafunzi wangu waandike majina ya samaki wa ziwa hili. Waliandika omena, mbuta na ngege. Wachache wakaongeza kamongo. Waliandika wale wanaofika jikoni. Siwalaumu, kwa kuwa mimi mwalimu wao sikuwapita kwa mengi.

Na isidhaniwe kwamba chombo cha Cousteau ni anasa ya wenye fedha tu. Mwezi Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilihili, ni wapiga mbizi waliomtoa fundi wa meli akiwa hai baada ya siku mbili, alikuwa amejihifadhi mahali penye hewa. Mwaka uliofuata, gari lilipotumbukia kutoka kivukoni Likoni na watu wawili ndani yake, taifa zima lilisubiri karibu wiki mbili kabla ya kuopolewa, na wengi tukatambua jinsi elimu hiyo ilivyo haba kwetu. Tunaishi kwa maji, tunasafiri juu ya maji, na bado vijana wetu wengi wa ufukoni hawajui hata kuogelea.

Basi jibu langu, mwanangu, ni hili. Cousteau hakuanza kwa kuipenda bahari. Alianza kwa kuiona, akaikosea, akaiona tena, ndipo akaipenda na kuitetea. Sisi tumeirukia hatua ya mwisho: tunawaamuru wavuvi wahifadhi ziwa ambalo sisi wenyewe hatujalitazama. Walimu wenzangu hawahitaji mtungi wa hewa ili kuanza. Wanahitaji chupa safi ya maji ya ziwa juu ya meza ya darasa, kisahani cheupe kilichofungwa kamba cha kupimia mwanga unafika wapi, na mzee mmoja mvuvi wa kuwatajia watoto majina ya samaki ambao hawaji tena wavuni. Majina hayo yaandikwe kabla mzee hajaondoka nayo.

Kijana amekwisha kurudi kazini. Ameniachia miwani yake ya kuogelea, ipo juu ya rafu pamoja na kamusi. Muhula ukifunguliwa nitaipeleka darasani.