Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi na Kimo cha Pembe Tatu

 

Hii ni khabari ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku katika madarasa ya dunia nzima, na wengi walitajao hawajui kuwa ni jina la Mwislamu. Nasi tumependa kuieleza kwa sababu hii. Mtoto wetu arudipo nyumbani na daftari yake ya hisabu, akamwuliza babake namna ya kupata eneo la pembe tatu na kimo chake, baba wengi humjibu kuwa hiyo ni elimu ya wageni, na akamngoje mwalimu wake kesho. Jawabu hiyo haina haki. Elimu hiyo imekaa katika nyumba za Waislamu tangu zaidi ya miaka elfu moja na mia moja, na mwenye kuiandika aliiandika kwa ajili ya mambo ambayo hata leo hugombanisha ndugu, nayo ni mirathi, wasia, ushirika, na mipaka ya mashamba.

NASABA YAKE NA ZAMA ZAKE

Jina lake ni Abu Abdillah Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Alizaliwa kadiri ya mwaka 780 wa Miladi. Nisba yake ni ya Khwarizm, nchi iliyoko kwenye mwisho wa mto Jaihun, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Lakini kazi yake yote twaijua kwa Baghdad, mji ulioanzishwa na Khalifa Al-Mansur mwaka 145 wa Hijria, yaani 762 wa Miladi.

Zama zake zilikuwa zama za Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 198 hata 218 wa Hijria, yaani 813 hata 833 wa Miladi. Khalifa huyo alipenda elimu, akakusanya vitabu vya Kiyunani, vya Kihindi na vya Kiajemi, akawapa riziki wenye kuvifasiri na kuvisahihisha katika nyumba iliyoitwa Baitul-Hikma. Humo ndimo alimofanya kazi Al-Khwarizmi. Alitunga majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na nyota kwa njia ya Wahindi. Akaandika juu ya usturlabu, na juu ya sura ya ardhi, akapanga miji, milima na bahari kwa hisabu ya mahali pake. Akawaeleza watu namba za Kihindi pamoja na sifuri, ndizo zilizotufikia sisi. Alikufa kadiri ya mwaka 850.

KITABU CHAKE

Katika vitabu vyake vyote, kilichomtangaza zaidi ni kitabu cha Al-Jabr wal-Muqabala. Maana ya jabr ni kuunga kilichovunjika, kama aungavyo mganga mfupa. Na muqabala ni kukabilisha vitu viwili mpaka vikawa sawa. Katika dibaji yake ametaja kuwa Al-Ma'mun ndiye aliyemtia moyo akitunge, kiwe kifupi, chenye yale mepesi na yenye manufaa ambayo watu huyahitaji katika mirathi na wasia, katika kugawanya mali, katika daawa na biashara, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Ametaja pia kuwa wanavyuoni ni wa namna tatu: mwenye kuvumbua jambo ambalo halijavumbuliwa, mwenye kueleza yale waliyoyaacha waliotangulia yakiwa na giza, na mwenye kuona kasoro katika kitabu cha mwenziwe akaitengeneza kwa dhana njema bila ya kujisifu.

Sehemu kubwa ya kitabu ni masala ya wasia na mirathi. Miongoni mwa masala hayo ni ya mwanamke aliyekufa akaacha mume, mwana mmoja mwanamume na binti watatu, naye ameusia mtu wa kando thumni moja na subui moja ya mali yake. Tukiigawanya mali hiyo mafungu 1120, mwenye wasia hupata 300, mume 205, mwana mwanamume 246, na kila binti 123. Hapana kadiri wala kukisia. Kila mtu na haki yake kamili.

Lakini mali ikiwa ni fedha, kuzihisabu ni rahisi. Ikiwa ni shamba, na shamba lenyewe mipaka yake imekwenda upande, mafungu hayo yatafaa nini kama hatujui ukubwa wa ardhi? Kwa hiyo humo humo kitabuni ametia mlango wa misaha, yaani elimu ya kupima.

KIMO CHA PEMBE TATU

Kanuni yake ni fupi: eneo la pembe tatu ni nusu ya kitako kuzidisha kwa kimo. Na kimo ni ule urefu ulionyoka wima kutoka pembe ya juu mpaka kwenye kitako, kama ianguavyo timazi ya mwashi. Ubavu uliolala upande si kimo. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea, na hapa ndipo wapimaji wengi wanapodhulumu, kwa kujua au kwa kutojua.

Tutwae mfano wake mwenyewe. Pana pembe tatu ambayo mbavu zake ni dhiraa 13, 14 na 15. Kitako ni 14. Kimo hakikutajwa, wala hapana aliyekipima, basi tutakipataje?

Timazi ikianguka kutoka juu hukigawanya kitako sehemu mbili. Sehemu iliyo upande wa ubavu wa 13 haijulikani, naye ameiita kitu. Sehemu ya pili, basi, ni 14 kasoro kitu. Sasa kila upande una pembe tatu ndogo yenye pembe iliyosimama sawasawa, na katika pembe tatu ya namna hiyo, ukizidisha ubavu mrefu kwa nafsi yake, ukatoa sehemu ya kitako iliyozidishwa kwa nafsi yake, hubaki kimo kilichozidishwa kwa nafsi yake.

Upande wa kwanza: 13 mara 13 ni 169; toa mraba wa kitu. Upande wa pili: 15 mara 15 ni 225. Na 14 kasoro kitu, ukiizidisha kwa nafsi yake, ni 196 na mraba wa kitu, kasoro vitu 28. Itoe katika 225, hubaki 29 na vitu 28, kasoro mraba wa kitu. Kimo ni kimoja, basi pande mbili hizi ni sawa. Mraba wa kitu umepungua huku na huku, basi huondoka. Hubaki 169 sawa na 29 na vitu 28. Ondoa 29 pande zote mbili: 140 ni vitu 28, na kitu kimoja ni 5.

Sasa toa 25 katika 169, hubaki 144, na namba ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake hupata 144 ni 12. Hicho ndicho kimo. Ukitaka kuhakikisha, sehemu ya pili ni 9, na 81 ikitolewa katika 225 hubaki 144 vile vile. Nusu ya kitako ni 7, na 7 mara 12 ni 84. Basi eneo ni dhiraa 84 za mraba.

Tazama sasa, ewe msomaji. Lau mtu angaliutwaa ubavu wa 15 akaufanya kimo, angalipata 7 mara 15, yaani 105. Zimezidi dhiraa 21 ambazo katika ardhi hazimo. Aliyeuziwa shamba hilo kwa hisabu ya 105 amelipia khumsi nzima ya hewa. Na yatima aliyepewa kuwa ni fungu lake amedhulumiwa khumsi ya haki yake, na karatasi yaonyesha kuwa amepewa kamili.

Na shamba lenye pande nne zisizolingana si zito. Likiwa pembe zake zote zimetoka nje, vuta kamba kutoka pembe moja mpaka pembe inayoielekea, zitakuwa pembe tatu mbili. Pima kila moja kwa njia hii, kisha zijumlishe.

ATHARI YAKE

Haki ni kusema kuwa Al-Khwarizmi hakuwa wa kwanza kuipima pembe tatu. Heron wa Iskandaria, Myunani, aliijua hiyo ya 13, 14 na 15 karne nyingi kabla yake. Fadhila yake ni kuwa alikipa jina kisichojulikana, akakiingiza katika hisabu kama kijulikanacho, akakiongoza hatua kwa hatua mpaka kikadhihiri. Na njia hiyo moja akaitumia katika ardhi, katika biashara na katika mali ya maiti.

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini katika mji wa Segovia, na Gerard wa Cremona akakifasiri tena Toledo katika karne ile ile. Watu wa Ulaya wakaiita elimu hiyo aljebra, kwa neno lake la al-jabr. Na jina lake mwenyewe wakalitamka Algoritmi. Kwa jina hilo huitwa mpaka leo kila njia ya hisabu iliyopangwa kwa hatua, hata ile ifuatwayo na kompyuta. Mwaka 1831 Frederic Rosen alikipiga chapa London, Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kutoka nuskha iliyonakiliwa mwaka 1342 na kuhifadhiwa Oxford.

Basi mtoto akija na daftari yake usiku, baba asimfukuze. Na amkalishe, amwulize kwanza: kitako ni kipi, na timazi yaanguka wapi? Wakikosa, warudie pamoja. Mtoto ajuaye leo kutofautisha ubavu na kimo, kesho ndiye atakayesimama baina ya ndugu wawili na kamba mkononi, kila mmoja akaondoka na haki yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Muhammad bin Musa, na atunufaishe kwa elimu yake. Wallahu a'lam.